Sefu ya Bunduki, Jalada Namba 4172

Kumb. Na. 4172
3 Februari

Kwa Binti yangu Mpendwa,

YAHUSU: OMBI LA WAJUKUU WAWILI KUJA KUKAA KWETU LIKIZO YA MWEZI WA NANE

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya njema, wewe, mumeo na hao wadogo wawili. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepunguza kelele, mwenyewe hajapunguza.

Dhumuni la barua hii ni kuwasilisha kwako ombi lililotajwa hapo juu. Mjukuu wangu mkubwa, huyo mnayemwita Mkaguzi, ametimiza miaka minane, na tangu azaliwe amelala katika nyumba hii mara moja tu, tena akiwa na homa. Mdogo wake hanifahamu kabisa. Mara ya mwisho alinipokea mlangoni kwa kunikabidhi soksi iliyotoboka, akidhani mimi ni fundi. Mama yako amekwisha kuanika magodoro ya chumba chako cha zamani, ingawa nilimshauri tusubiri jibu kwanza.

Unafahamu kwamba kwa miaka arobaini nimekaa na taipureta yangu nje ya ofisi za serikali, nikiwaandikia watu maombi yao. Nimewaombea viwanja, pensheni, vyeti vilivyopotea na waume waliopotea. Majalada elfu nne mia moja sabini na moja, na kila moja nina nakala yake. Hili ni la kwanza ninaloandika kwa niaba yangu mwenyewe. Ukijibu, tafadhali taja namba ya jalada kama ilivyo hapo juu, ili mambo yasichanganyike.

Utasema tungeweza kuzungumza kwa simu. Simu haina nakala.

Nasubiri jibu lako kwa heshima,

Baba yako mzazi,
Mwandishi wa Maombi


12 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee Mama na goti lake. Sisi wazima. Stoo ya dawa ya hospitali inanichosha lakini hainishindi, na mkwe wako anakusalimu sana. Barua yako imesomwa mara tatu: mara moja na mimi, mara moja na yeye, akacheka hadi akamwaga chai, na mara moja na Mkaguzi, kwa sauti, akiwa amesimama juu ya kiti kama mbunge. Nimetaja, kama ulivyoagiza: jalada namba 4172.

Baba, watoto wanataka kuja kuliko unavyotaka waje. Mdogo amekwisha kufunga mzigo wake, kijiko na kiatu kimoja. Lakini sitawaleta, na sababu yake unaijua ingawa hukuiandika. Ndani ya nyumba hiyo kuna bunduki ya Babu. Na huyu mwanangu hakuitwa Mkaguzi bure. Wiki iliyopita nilificha zawadi yake chini kabisa ya gunia la mchele, nikaweka beseni juu, na juu ya beseni nguo za kufua. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameivaa.

Bunduki ikikaa ndani ya sefu ya bunduki, sefu ya kweli iliyofungwa ukutani, nitawaleta mwenyewe nikiimba. Kabla ya hapo, hapana. Usininunie, Baba.

Binti yako


Kumb. Na. 4172
17 Februari

Kwa Binti yangu Mpendwa,

YAHUSU: MAELEZO YA ZIADA KUHUSU BUNDUKI YA MAREHEMU BABA YANGU

Marahaba, na natumaini hamjambo nyote. Sisi tunaendelea vizuri. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, isipokuwa sehemu ya kati.

Napenda kueleza kwamba silaha hiyo ina kibali halali, kinachohuishwa kila inapopasa, na kwamba kazi yake ni moja: kuwatisha nguruwe pori wanaovamia mihogo yetu. Hukaa mahali ninapopajua mimi na Mungu. Kwa miaka thelathini na mitano hakuna jicho la mtoto lililoiona. Ushahidi wangu mkuu ni wewe mwenyewe. Ulilelewa katika nyumba hii tangu kutambaa hadi kuolewa, ulikuwa mtundu kupita huyo Mkaguzi, na hukuwahi hata kuigusa. Naomba hilo lipokelewe na kupewa uzito unaostahili.

Sefu ni chombo cha benki. Mimi nina kabati, na juu ya kabati nina busara.

Mama yako amesoma barua hii kabla sijaifunga, akaguna. Nilipomuuliza maana ya mguno huo alisema mwenye macho haambiwi tazama, akaenda zake jikoni. Sikuona uhusiano.

Baba yako mzazi,
Mwandishi wa Maombi


25 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na natumaini nanyi ni wazima.

Nimekaa na barua yako siku nyingi kuliko nilivyotaka. Umeniita ushahidi, basi nitasema nilichokiona.

Nilikuwa na miaka saba. Wewe na Mama mlikwenda msibani, mkaniacha na shangazi, na shangazi akasinzia. Niliweka kiti juu ya sanduku la nguo, nikapanda. Ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya ile redio mbovu, imefungwa katika blanketi la kijivu kwa kamba ya katani. Nilikuwa nikijua iko pale tangu nilipokuwa na miaka mitano. Niliifungua, nikaiweka kitandani, kisha nikasimama nayo mbele ya kioo. Nilicheza askari na mwizi. Mwizi alikuwa yule mtoto wa kwenye kioo. Kidole changu kilikuwa pale kidole kinapowekwa, Baba. Halafu nikasikia kikohozi chako uani, kile unachokohoa kabla ya kumsomea mtu barua yake, nikaifunga haraka, nikairudisha.

Sikuwahi kumwambia mtu. Sikuandikii ili uumie. Mpaka leo kuna jambo moja tu ambalo sijui, na nikimwangalia Mkaguzi ndilo hunijia: siku ile ilikuwa na risasi?

Binti yako


Kumb. Na. 4172
30 Machi

Mwanangu,

Salamu. Naomba radhi kwa kuchelewa zaidi ya mwezi. Barua hii naiandika kwa mkono.

Umeuliza swali na unastahili jibu. Mwaka ule nguruwe walikuwa wakija kila wiki. Jibu ni ndiyo.

Nakumbuka pia kwamba tuliporudi kutoka msibani nilikuta fundo la kamba liko kushoto. Mimi hufunga kulia. Nilidhani ni mama yako aliyekuwa akisafisha juu ya kabati, nikamnunia siku nne, naye hakujua kosa lake. Nilimweleza jana. Alisikiliza hadi mwisho, akalia kidogo kwa ajili yako, kisha akasema anataka aombwe msamaha kwa maandishi. Nilimwandikia ukurasa mmoja. Amedai nakala mbili.

Jumatatu iliyopita niliipeleka bunduki kituo cha polisi, pamoja na risasi zote, wanitunzie hadi nitakapokuwa na mahali pa kuiweka. Askari wa zamu aliniandikia hati ya kupokea. Nilimsahihishia sentensi mbili, akanishukuru, japo si kwa moyo wote.

Ile hoja ya busara juu ya kabati naiondoa. Nifundishe sefu inavyotakiwa kuwa.

Baba yako


6 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo mara mia. Nililia stoo hadi mwenzangu akadhani kuna dawa imemwagika. Halafu nikafika kwenye nakala mbili nikacheka, naye akaniambia nichague moja. Mwambie Mama ushindi huo ni wake, aufurahie taratibu.

Sasa sikiliza, maana makabati ya kufunga ndiyo kazi yangu. Sefu iwe ndefu, bunduki isimame wima na nafasi ibaki. Pima ndani, usipime nje, nje hudanganya. Mlango usiwe na upenyo wa kuingiza chuma. Iwe na matundu nyuma, bolti zipite kutoka ndani ziingie ukutani, mtu asiweze kuibeba kama sanduku la msafiri. Risasi zikae peke yake, kwenye droo yenye kitasa chake. Na majirani wasijue kuna nini.

Hapa stoo dawa kali zina kabati lenye vitasa viwili. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao mwenzangu. Yeye hawezi kufungua bila mimi, nami siwezi bila yeye. Tunagombana kila siku kuhusu redio na feni, lakini kuhusu kabati lile hatujawahi.

Mkaguzi anauliza kama sefu ina dirisha. Nimemwambia haina. Amesikitika.

Binti yako


Kumb. Na. 4172
27 Aprili

Kwa Binti yangu Mpendwa,

YAHUSU: TAARIFA YA UCHAGUZI WA SEFU

Marahaba. Sisi hatujambo, goti likiwemo. Natumaini mkwe wangu na wajukuu wanaendelea vyema.

Kwa kuwa bunduki iko kituoni, nilimwomba askari anipimie urefu wake, nikakata mpini wa fagio ukawa sawasawa na huo. Ni mita moja na sentimita kumi na mbili. Kwa wiki tatu nimezunguka mjini na fimbo hiyo. Watu wanaonifahamu wameniuliza habari za mguu, na mmoja amenipa jina la mganga.

Wa kwanza kumwendea alikuwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea. Alisema kazi hiyo ni ya siku mbili, na kweli aliimaliza kwa siku mbili: kabati la bati la kijani, lenye kufuli kubwa kama kobe. Mama yako aliomba kulijaribu. Aliingiza mwiko katika upenyo wa mlango, akausukuma mara moja, mlango ukafunguka na kufuli likabaki limefungwa. Fundi alilalamika kwamba hakutegemea mwizi aje na mwiko.

“Mwizi huja na alichonacho, fundi,” mama yako alimjibu.

Kabati hilo sasa linatunza majembe.

Kisha nilielekezwa kwa mtu anayeuza vyombo vya chama cha akiba kilichofungwa. Alikuwa na sefu ambayo mlango wake ni mnene kama kiganja changu, ikifungwa inatoa sauti ya jambo lililokwisha. Naomba nikiri kwamba moyo wangu ulikwenda kwake. Lakini ilikuwa ya kutunzia karatasi. Niliingiza fimbo, nusu ikabaki nje. Muuzaji akashauri nipunguze mtutu kidogo. Nilimwambia kwamba alilolisema ni kosa la jinai na kwamba akilirudia nitaliweka kwenye maandishi. Alitafakari, akauliza kama basi haiwezi kulazwa kimshazari. Tulijaribu kimshazari. Hata kimshazari haikuwezekana. Nilimuaga sefu yule kwa huzuni. Mama yako alinivuta mkono.

Ya tatu niliiona katika duka la milango ya chuma. Ni ndefu na nyembamba, rangi ya kijivu, na fimbo yangu ilisimama ndani yake kama mlinzi kazini, ikabaki nafasi ya upana wa vidole vinne juu. Ina matundu manne mgongoni. Ina droo ya risasi yenye kitasa chake. Mlango wake unafunguliwa kwa vitu viwili pamoja, ufunguo na namba ya tarakimu nne ambayo mwenye sefu huiweka mwenyewe. Mama yako alikuja na mwiko. Alizunguka mara mbili, akaurudisha kwenye mkoba. Muuzaji alinionyesha karatasi ya maelezo, na ingawa nilikuta makosa manne ya lugha, nilinyamaza, kwa kuwa chuma chenyewe hakikuwa na kosa.

Gharama naimudu, tusiizungumze. Naomba idhini yako ninunue.

Baba yako mzazi,
Mwandishi wa Maombi


Kumb. Na. 4172
2 Juni

Kwa Binti yangu Mpendwa,

YAHUSU: KUFIKA NA KUFUNGWA KWA SEFU

Salamu nyingi kwenu nyote. Narejea idhini yako ya simu, ambayo kwa bahati mbaya haina nakala.

Sefu ilifika Jumamosi asubuhi kwa mkokoteni, imefungwa maboksi pande zote, wanaume wanne wakiisukuma na wa tano akitoa ushauri. Uliagiza majirani wasijue, nami sikumwambia mtu. Kabla ya saa sita mchana jirani wa mbele alikuwa amekwisha kuja kumpongeza mama yako kwa friji mpya. Alasiri walifika watoto watatu na vikombe, wakiomba barafu. Yule fundi wa kuchomelea alileta samaki wawili wakubwa, tumtunzie hadi Jumatatu.

Mama yako hakutaka kusema uongo, na ukweli alikuwa amekatazwa. Aliwaambia wote kwamba bado halijashika baridi. Hadi leo wanaulizia hali yake kama wanavyoulizia mgonjwa.

Kuifunga kulikuwa na mtihani wake. Fundi mwashi aligonga ukuta wa chumbani akasema matofali yale yatashika koti, hayatashika sefu. Ukuta pekee wa zege ni ule wa varanda ya ndani, na pale katikati, kama unavyokumbuka, ndipo ilipotundikwa ile barua ya ofisi kuu iliyosema kwamba ombi langu “limeandikwa kwa ufasaha wa kupendeza.” Imekaa pale miaka ishirini na sita. Niliitoa mwenyewe. Imebaki alama nyeupe ya mraba, na katikati ya alama hiyo ndipo drili ilipoanza. Bolti nne, kila moja ndefu kuliko kidole changu cha kati. Wanaume wawili wameivuta kwa nguvu zao zote. Nyumba ilitikisika, sefu haikutikisika.

Namba nimeiweka. Nimechagua ambayo siwezi kuisahau hata nikiwa na homa kali, na ambayo hakuna binadamu mwingine anayeweza kuifikiria. Mama yako mwenyewe sijamwambia.

Sasa naamini masharti yametimia. Naomba watoto waletwe.

Baba yako mzazi,
Mwandishi wa Maombi


10 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za friji? Huku sote wazima, na mkwe wako anauliza kama naye anaweza kuleta samaki.

Nimefurahi, na hiyo alama nyeupe ukutani imenigusa kuliko nilivyodhani. Najua barua ile ni nini kwako. Lakini bado sharti moja, Baba, na usivute mdomo, naijua sura yako hata nikiwa mbali. Mimi hukikabidhi chombo dawa baada tu ya kukijaribu. Ijumaa ya tarehe 26 tutakuja wote kwa siku mbili. Bunduki ibaki polisi. Ndani ya sefu weka ile fimbo. Halafu tumwache Mkaguzi aikague.

Akishindwa, bunduki inarudi nyumbani na watoto watakuja likizo. Akiweza, tutakaa chini tufikiri upya. Mwenyewe ameanza kulala mapema ili awe na nguvu.

Binti yako


Kumb. Na. 4172 (haifungui kitu tena)
1 Julai

Kwa Binti yangu Mpendwa,

YAHUSU: YALIYOTOKEA TAREHE 26 JUNI, KWA AJILI YA KUMBUKUMBU

Nashukuru kwamba mmefika salama, na kwamba mdogo hakutapika njiani. Sisi wazima. Wewe ulikuwepo na uliona kila kitu, lakini jambo lisiloandikwa hugeuzwa na wasimuliaji, na mama yako amekwisha kulisimulia kwa majirani kwa namna tatu. Naliandika kama lilivyokuwa.

Mkaguzi alipewa kiti. Alipapasa sefu pande zote, akagonga, akaweka sikio, akatingisha kichwa kama daktari. Mimi nilikuwa na furaha iliyopita kiasi. Hakuna aliyeniomba ufunguo. Niliutoa mfukoni kwa hiari yangu, nikampa mkononi.

“Hata ufunguo chukua, mjukuu wangu,” nilisema. “Bila namba, hicho ni kijiko tu.”

Alifikiri, kisha akaniuliza kwa adabu kwa nini barua zangu zote kwa mama yake zina namba moja juu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo katika miaka arobaini. Nilifurahi sana. Nilianza kumweleza maana ya jalada, na kwa nini shauri moja hubeba namba moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba namba hiyo huwa kama jina la mtu, haibadiliki. Nilikuwa bado katikati ya maelezo niliposikia mlango umefunguka. Alitoa fimbo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Babu, hii hapa bunduki yako.”

Kwa hiyo ni kweli kwamba namba ya siri ya sefu yangu niliiandika mwenyewe juu ya kila barua, nikaipeleka posta, na mara ya kwanza nikakuagiza uitaje katika majibu. Ni kweli kwamba mama yako alicheka hadi akakaa sakafuni, na goti ambalo tuliambiwa halikunjiki lilikunjika. Si kweli, kama anavyodai, kwamba mimi sikucheka. Nilicheka wa mwisho, na nilicheka sana.

Ulipotutoa sote nje ukafunga mlango wa varanda, nilijua unachofanya kabla hujatoka. Namba mpya unayo wewe, ufunguo ninao mimi, kama kabati la dawa kali. Askari alipoleta bunduki Jumamosi, nawe ukaiweka ndani kwa mkono wako, nilikutazama. Uliishika kama unavyoshika dawa, bila woga na bila mchezo. Ndipo nilipomwona yule mtoto wa mbele ya kioo, na ndipo nilipomwona akishuka kwenye kiti.

Mimi ni mwenye bunduki nisiyeweza kuifikia. Nimelala vizuri tangu siku hiyo.

Baba yako mzazi,
Mwandishi wa Maombi


8 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, na Mama pia. Huku hatujambo. Mkaguzi anatembea shuleni kama aliyefungua benki kuu, na nimemkataza kueleza alifungua nini.

Nina jambo nililotaka kukwambia uani, ila fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama na samaki wake. Tangu niolewe, kila nikija kwenu, kitu cha kwanza ninachofanya nikiingia chumbani kwenu kusalimia ni kutazama juu ya kabati. Sijui kama uliona. Safari hii nimerudi hadi huku, nimefungua mizigo, nimefua nguo, ndipo nikakumbuka kwamba sikutazama.

Watoto nitawaleta tarehe 2 Agosti. Nitawafuata tarehe 23.

Binti yako


Kumb. Na. 4229
19 Agosti

Kwa Binti yangu Mpendwa,

YAHUSU: OMBI LA KUONGEZEWA JUMA MOJA

Salamu nyingi kutoka kwa watu wanne, ambao wawili kati yao wanapiga kelele nikiandika. Wote wazima. Mdogo ananifahamu kikamilifu. Kila asubuhi huniletea soksi zote mbili, na hutaka nimvalishe mimi, si bibi yake.

Mkaguzi huja nami kazini. Hukaa kwenye kigoda kando ya meza, akitia karatasi ya kaboni katikati ya karatasi mbili bila kuikunja, jambo ambalo wewe hukuliweza hadi darasa la saba. Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuja kuomba cheti cha kuzaliwa alimsikiliza yeye, akaacha kunisikiliza mimi. Amefungua jalada lake mwenyewe, Namba 1, akiiomba ofisi ya bibi yake iruhusu maandazi mara mbili kwa siku. Limekubaliwa. Alipomaliza kupiga chapa aliniuliza kama namba ya jalada inaweza kuwa siri. Nilimwambia hapana, na kwamba babu yake alijifunza hilo kwa gharama.

Nguruwe walikuja Alhamisi, jua likiwa bado juu, wawili wakubwa na watoto wao. Mama yako alitoka na mwiko na sinia, Mkaguzi na debe, na mdogo akiwa na kijiko alichokuja nacho. Mimi nilipiga mlango wa lile kabati la kijani la majembe, ambalo kumbe fundi alilitengeneza kwa kazi hiyo. Nguruwe waliondoka bila kuaga. Jirani wa mbele alitoka akauliza kama friji limelipuka. Tulipokaa kunywa chai mama yako aliniuliza kama, katika vurugu ile, niliikumbuka bunduki. Nilisema hapana. Aliniuliza tena, akinitazama. Nilisema hapana tena, na ilikuwa kweli.

Ile barua ya ofisi kuu imerudi ukutani, kando ya sefu. Mkaguzi ameisoma akasema “ufasaha wa kupendeza” si sifa kubwa, yeye angeandika zaidi. Nimemwambia aandike.

Uliahidi kuwafuata tarehe 23. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Namba ya sefu siiombi, kaa nayo. Ninachoomba ni watoto, hadi tarehe 30.

Naomba uamuzi.

Baba yako